Mzee anataka mbatata zake, binti anataka picha ya sahani

Shikamoo Bi Mshauri. Umri wako siujui, ila nakuamkia hivyo hivyo, maana mwenye shida ndiye mdogo. Jina langu naomba msiliandike. Mtaa semeni Upanga tu, inatosha.

Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya Wahindi hapa Dar es Salaam, mwaka huu natimiza miaka 19 ya kazi. Niliingia pale binti yangu wa kwanza akiwa chekechea, leo naye ana mtoto. Nyumba ni ya bibi wa Kigujarati wa miaka 81. Sote tunamwita Ba, kwao maana yake mama. Mumewe wajukuu walikuwa wakimwita Dada, nami siku za mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu jikoni, mzee mzima mwenye masharubu anaitwa dada, mpaka nikaelezwa kwamba kwao dada ndiye babu. Mzee alifariki miaka 4 iliyopita. Ni figo. Alisafishwa damu miaka 2 mpaka mwili ukachoka. Watoto wote wako nje. Mkubwa ni binti, tunamwita Ben, kwa lugha yao ndiyo dada yetu sisi, yuko Toronto na ndiye anayenilipa mshahara. Siku baba yake anakata roho yeye alikuwa bado angani kwenye ndege.

Ba ana sukari na presha. Desemba Ben alikuja wiki tatu, akampeleka mama yake kwa daktari. Mimi sikuingia chumbani, lakini waliporudi Ben alisema sukari imepanda na figo zimeanza kuchoka kidogo. Jioni ile ile akasafisha jiko. Samli ikatoka. Gunia la viazi akaniambia nilipeleke kwangu Mbagala. Chumvi yetu akaitoa, akaweka chumvi ya kopo aliyokuja nayo, anasema ni ya watu wa presha. Kisha akabandika karatasi kwenye friji, vyakula vya marufuku, na namba moja ni viazi. Akaniagiza kila mlo nipige picha ya sahani nimtumie kwa WhatsApp kabla Ba hajaanza kula.

Sasa Ba mwenyewe. Alizaliwa Unguja, kwa hiyo hasemi viazi, anasema mbatata. Tangu nimjue, chakula cha mchana kisicho na shaak ya mbatata, yaani mboga yao ya viungo, kwake si chakula. Yeye ndiye aliyenifundisha. Unakata vidogo vidogo, unakaanga kwenye karai mpaka viwe rangi ya dhahabu, unatoa. Halafu mafuta mengine kwa ajili ya vaghar, yaani kukaanga viungo: haradali mpaka ilie pwa pwa, bizari nyembamba, mvuje kidogo, majani ya mchuzi, pilipili mbichi, manjano, unarudisha viazi, sukari guru kiasi cha ukucha, ndimu, kotmiri juu. Kitunguu hakiingii wala kitunguu saumu, nyumba ile haijui harufu yake. Na mara mbili kwa mwezi anafunga Ekadashi, siku hiyo nafaka haipiti mdomoni, mbatata ndiyo chakula chenyewe, na karanga za kutwanga na chumvi ya mawe. Karatasi ya Ben inasema siku hizo ale matunda na mtindi.

Wiki za kwanza Ba alijitahidi. Brokoli ya kuchemsha, karoti za kuchemsha, uji wa oti. Kisha akaanza kuacha nusu, kisha akawa anagusa tu. Kliniki ya Februari alikuwa kilo 58, mwezi uliopita kilo 52. Bangili zake mbili za dhahabu zilikuwa hazitoki bila sabuni, sasa akiinua mkono zinateremka mpaka kwenye kiwiko. Hata jikoni haji tena, zamani alikuwa anakaa kwenye kigoda anamenya huku ananisimulia habari za Unguja. Siku moja aliniambia, nimezika mume, nimezika dada zangu wote, sasa mnataka nizike na mbatata?

Nikashindwa. Nilianza siku ya Ekadashi, nikajiambia ni mara moja tu. Sasa ni karibu kila siku. Naandaa sahani ya brokoli, napiga picha, natuma. Halafu brokoli nakula mimi, Ba namwekea mbatata. Ben anajibu kwa dole gumba. Hilo dole gumba, Bi Mshauri, linanichoma.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Wiki mbili zilizopita asubuhi Ba alimeza kile kidonge chake kidogo cha kabla ya kula, kisha uji akaukataa. Nikateremka kununua maziwa. Kurudi nimemkuta amelowa jasho kama amenyeshewa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikakumbuka maneno ya nesi mmoja zamani, nikakoroga sukari kwenye maji nikamnywesha. Baada ya muda akarudi, akaniuliza mbona nalia. Akaniapisha nisimwambie Ben. Nikaapa.

Nifanyeje? Nikisema, kazi imekwenda, na mwanangu wa mwisho yuko kidato cha tatu. Nisiposema, silali. Na hizo mbatata, zinaweza kupikwa zisimdhuru? Au ni mimi ninayemmaliza kwa mapenzi? Mimi ni mpishi tu, sikusoma.

Mpishi wa Upanga

*

Marahaba, ingawa nikihesabu miaka uliyoitaja nadhani mimi ndiye ningekuamkia.

Umeniuliza kuhusu viazi, lakini niruhusu nianzie kwenye ile asubuhi ya jasho, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja na hilo haliwezi. Jasho la ghafla, mikono kutetemeka, kuchanganya majina, kisha mtu anarudi akipewa sukari: hivyo ndivyo sukari ya damu inavyoshuka kwa mgonjwa wa kisukari. Ulichofanya ulikifanya sawasawa. Safari ijayo, kama mashine ya kupimia ipo, pima. Chini ya 4 imeshuka. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, ngoja dakika 15, pima tena, na ikiwa bado rudia. Akishapata nafuu ale kitu, asibaki na yale maji matamu tu. Na kama hajitambui au hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa nini ilitokea? Kuna vidonge vya kisukari, glibenklamaidi ni kimojawapo, ambavyo huisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, na huendelea kuisukuma hata kama mtu hajatia kitu mdomoni. Kwa mzee ambaye figo zake zimelegea, dawa ya namna hiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na ndiyo maana madaktari wengi siku hizi wanaiepuka kwa wazee. Ba anakunywa kipi, wewe ndiye unayeliona pakiti. Usikiache wala usikipunguze kwa maneno yangu. Lakini kuanzia kesho chakula kiwe kimeshafika mezani, na Ba ameshakikubali kwa macho, ndipo kidonge kitoke kwenye pakiti. Na daktari aambiwe wiki hii, asingojewe mpaka kliniki ijayo.

Umeona tulipofika? Karatasi ya friji imepunguza chakula, kidonge hakikupunguzwa. Ba amepoteza kilo 6 kati ya 58, zaidi ya asilimia 10. Kwa mzee, hata asilimia 5 ikipotea bila kukusudia ndani ya mwaka, daktari anapaswa kuijua. Inawezekana kabisa kwamba dozi aliyopewa Desemba ni dozi ya mwanamke mwingine, yule aliyekuwa bado anakula.

Na hapa zile picha zinaanza kunitisha kuliko viazi. Wewe unaziona kama uongo kati yako na Ben, ndiyo maana dole gumba linakuchoma. Mimi nazifuata mbele kidogo. Tuseme Ba amekula mbatata, mashine imesoma 12, na Ben kwa nia njema amemwonyesha daktari picha za brokoli za mwezi mzima. Daktari atafikiri nini? Kwamba chakula kimeshakuwa safi na bado sukari iko juu, basi tuongeze dawa. Halafu inakuja asubuhi ambayo Ba hana hamu ya kula.

Sisemi haya kukuongezea mzigo. Ulikuwa jikoni peke yako na mtu anayenyauka mbele ya macho yako, na mwenye kutoa amri yuko mbali kiasi kwamba wakati Ba anakula mchana, kwake bado hakujapambazuka. Hata hivyo nikuulize. Katika barua nzima Ben hujamtukana hata mara moja, na nimekupenda kwa hilo, lakini anatokea kama mtu wa karatasi na kamera. Umeniandikia mwenyewe kwamba baba yake alikufa kwa figo, yeye akiwa angani. Leo anaambiwa figo za mama nazo zimeanza kuchoka. Hizo picha kweli anaangalia sahani? Au ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kuwa mezani? Simtetei. Kumpiga picha mtu mzima chakula chake mara tatu kwa siku ni jambo zito, na sijasoma popote kwamba kuna aliyemuuliza Ba. Ila mtu mwenye hofu hasemeshwi kama mtu mkatili, na wewe huenda umejiandaa kukutana na mkatili.

Jambo lingine. Hukuwemo chumbani siku ile ya daktari. Ile orodha ni ya daktari, au ni ya Ben baada ya kukesha akisoma kwenye simu? Figo "kuchoka kidogo" ni maneno yanayobeba mengi. Mwenye figo zilizolegea kidogo, ambaye potasiamu yake katika damu, madini ambayo figo huyatoa yakizidi, iko sawa, mara nyingi hakatazwi viazi. Ikiwa imepanda, hapo viazi vinahesabiwa, na hata namna ya kuvipika inabadilika. Kipimo ni cha damu, cha kawaida tu. Kuna aliyekiona?

Na lile kopo la chumvi. Umelitaja kwa kupita, mimi nimesimama hapo. Chumvi nyingi za "watu wa presha" zinazouzwa nje hutengenezwa kwa kutoa sehemu ya sodiamu na kuweka potasiamu mahali pake. Kwa mwenye figo nzima hilo ni jema. Shirika la Afya Duniani mwezi Januari 2025 lilitoa mwongozo wa kuunga mkono chumvi za aina hiyo, lakini likawaacha nje wenye matatizo ya figo, kwa sababu figo iliyochoka inashindwa kuitoa potasiamu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Tena baadhi ya dawa za presha, losartani na enalaprili kwa mfano, nazo huizuia isitoke. Kwa hiyo inawezekana, nasema inawezekana tu, kwamba viazi vimefukuzwa kwa ajili ya potasiamu huku potasiamu yenyewe inanyunyizwa juu ya brokoli. Soma ubavu wa kopo. Ukiona neno linaloanza na "potass", acha kuitumia mpaka daktari aseme, na kopo usilitupe. Mzee wa presha si lazima awe na chumvi ya kopo. Shirika hilo hilo linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na humo papadi na achari zimo. Nina wasiwasi zaidi na achari kuliko na kiazi. Ile chumvi ya mawe ya Ekadashi nayo ni chumvi, sodiamu yake ni ile ile, wengi hudhani haina neno.

Haya, twende jikoni, huko wewe ndiye mwalimu na mimi nakaa kwenye kigoda.

Kiazi chenyewe si sumu. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina wanga kama gramu 20 na nguvu isiyofika kalori 90, pamoja na vitamini C na nyuzinyuzi kidogo. Shida ni kiazi kilichokunywa mafuta ya karai, kikaliwa na wali, na rotli mbili, zile chapati zao nyembamba, pembeni. Gramu 100, kiazi kimoja kisichozidi ngumi ya Ba, ni wanga wa rotli moja hivi. Mbatata zikiingia kwenye sahani, basi rotli moja itoke na wali ungoje siku nyingine. Hapo kiazi kinachukua nafasi ya rotli, hakiongezeki juu yake.

Kuchemsha kwanza, kukaanga viungo baadaye. Hapa kuna mambo mawili yanayovutana na sitakuficha. Kwa ajili ya sukari na choo cha mzee, kiazi kichemshwe na ganda lake, kipoe, hata kilale kwenye friji, kwa sababu kikipoa sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kusagika na sukari hupanda taratibu kidogo. Kidogo tu, usitegemee maajabu. Lakini kama kipimo kitasema potasiamu iko juu, basi fanya kinyume: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, na maji yale yamwage, usiyafanye mchuzi, maana sehemu kubwa ya potasiamu imehamia humo. Ndiyo maana nakusumbua na habari za kipimo. Bila hicho mimi na wewe tunabahatisha ganda.

Kisha vaghar. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinatosha sufuria ya watu watatu, ukitumia kikaango kinachofunika na moto wa wastani. Haradali ilie kama ulivyofundishwa, bizari, mvuje, majani, tangawizi ya kuparuza, manjano, viazi, funika viungo viingie. Sukari guru unaweza kuiacha, ndimu ikifika mwisho kabisa, baada ya kuepua, itaziba pengo lake na pengo la chumvi. Na kwa mtu anayepungua uzito hivi, sitakupigia kelele ukimdondoshea nusu kijiko cha chai cha samli juu. Ben aliitoa samli Desemba, Ba alipokuwa na kilo zake.

Hukuniambia kama Ba ana meno yake. Mbegu ya haradali ikiingia chini ya meno ya bandia inauma kama mchanga. Ikiwa anayo, saga bizari, haradali ipunguze, majani ya mchuzi yatoe kabla ya kupakua, na nusu ya viazi viponde ili vishikane. Mzee anayekohoa anapokula asipewe vipande vikavu hata kidogo. Hapo mimina maji ya moto vifanyike rojo.

Sasa nikuulize swali ambalo huenda litakuchekesha. Ile brokoli, kuna mtu aliyewahi kuitia vaghar? Karatasi imekataza viazi, lakini sikusoma kwamba imekataza haradali. Uzee huondoka na pua na ulimi, chakula kisicho na harufu kwa mtu wa miaka 81 ni kama kutafuna gazeti. Huenda tumekuwa tukidhani Ba analilia mbatata wakati analilia mvuje. Jaribu sahani ya mchanganyiko: theluthi moja viazi, theluthi mbili koliflawa, au maharage machanga ya Kisutu, au majani ya uwatu. Wagujarati wenyewe wanapika hivyo tangu zamani, huoni aibu yoyote mezani. Neno lenyewe batata liliingia pwani ya magharibi ya India na Wareno, Unguja likawa mbatata, na sisi huku tukavichukua viazi vyao vya donge la unga wa dengu tukaviita kachori, jina ambalo kwao ni la kitu kingine kabisa. Chakula hiki kimebadilishwa mara nyingi, kitavumilia koliflawa.

Pembeni pawe na bakuli la mtindi usio na sukari, au choroko, au dengu. Mzee asiyekula nyama wala samaki akinyimwa na hizi misuli inakwenda, na hizo bangili unazoziona zikiteremka zinateremkia kwenye misuli iliyokwisha. Kama Ba anakunywa pia metfomini, dawa nyingine ya kisukari, mwulize daktari kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo ikitumika miaka mingi huipunguza, na mla mboga huwa nayo kidogo tangu mwanzo. Siku za Ekadashi unajua kuliko mimi kwamba mvuje wa dukani huwa umechanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo hauingii. Karanga ziwe kiganja kimoja, nazo zina potasiamu yake.

Nimelikwepa swali lako la kwanza kwa muda mrefu, la kusema au kutosema.

Unaweza kuendelea kimya. Nimekwisha kukuonyesha kinachonitisha hapo, na naongeza kwamba siri hii ina funguo mbili, moja anayo Ba, na mtu aliyechanganyikiwa na sukari huongea.

Unaweza kumwambia Ben wewe mwenyewe. Hatari yake unaijua, anaweza kukasirika na anaweza kukufukuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani, na mtu wa miaka 19 kazini akiachishwa ana kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mpaka miaka 10, ila mwajiri anaweza kudai kwamba picha zile ni utovu wa nidhamu na hapo malipo yakaleta ubishi. Ni vizuri uyajue hayo kabla ya kunyanyua simu. Lakini habari ulizonazo ni mbili na si lazima zisafiri siku moja. Ya kwanza ni ya afya na haina kosa lako ndani yake: "Ben, mama amepungua kilo 6 tangu Februari. Siku fulani asubuhi alimeza kidonge asile, akatokwa jasho akachanganyikiwa, nikampa sukari akapona. Naomba aonwe na daktari wiki hii. Na kuhusu chakula nina mambo nataka nikueleze mwenyewe." Sentensi ya mwisho ni mlango tu. Utakapoufungua, sijui, wewe unamjua Ben. Ila ukikaa sana kabla ya kuufungua, atauliza mwenyewe.

Unaweza pia kumwachia Ba. Tumemzungumza kama mtoto barua nzima, mimi na wewe na Ben. Ana akili zake, chakula ni chake na mwili ni wake. Muulize kwanza kwa nini alikuapisha. Pengine hamwogopi Ben. Pengine anaogopa kwamba neno moja la ugonjwa likifika Toronto, ataambiwa afunge sanduku ahamie huko kwenye theluji, mbali na mahekalu ya Kisutu na Unguja yake. Kiapo ulichompa nakiheshimu, na sitakwambia ukivunje nyuma ya mgongo wake. Unaweza kurudi kwake ukamwomba akufungue: "Ba, siku ile nilikuitikia kwa hofu. Nimeona siwezi kukibeba peke yangu." Akiwa tayari, pigeni simu wote wawili, yeye aseme, wewe ushike simu. Hatari ipo hapo pia. Mama na binti wanaweza kugombana juu ya kichwa chako, na Ba akibanwa anaweza kusema "mpishi ndiye aliyenipa."

Na lile la "mimi ni mpishi tu" sikulielewa. Uzito wake umeuandika wewe, tarehe za kliniki umezishika wewe, jasho umelikuta wewe. Daktari angelipa kupata ripoti kama ile. Chukua daftari la mwanao lililobaki kurasa, uandike siku 7 tu: alichokula kweli, si cha kwenye picha, saa ya kidonge, namba ya mashine. Mkienda kliniki beba hilo daftari, vidonge vyote na pakiti zake, na kopo la chumvi. Ba akiuliza daftari la nini, mwambie.

Kigoda bado kiko jikoni? Mwite amenye, hata kama ni koliflawa. Kisha utuandikie, nataka kujua kama ile brokoli yenye haradali aliila.